Nani alizima geiza ya Loburu?

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu na sina kisingizio isipokuwa kile cha kila siku, yaani kazi. Tulikuwa tukihamisha data ya mteja kutoka seva kuukuu hadi mpya, na yeyote atakayekuambia kwamba hiyo ni kazi ya siku mbili, usimwamini. Leo basi sitaandika juu ya programu. Nataka kuandika juu ya picha moja ya zamani.

Picha ni ya 1994, kabla sijazaliwa. Mzee wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na muhula mmoja walipeleka darasa la saba Ziwa Bogoria, Baringo. Amesimama ndani ya suti yake ya Kaunda, mikono nyuma, uso mkavu kama yuko paredi. Kulia kwake maji yanaruka kutoka ardhini kumpita kimo, na mvuke umefunika nusu ya wanafunzi. Nyuma ya picha ameandika kwa kalamu: Loburu, 1994. Nikiwa mdogo nilidhani baba alikuwa amepasua mfereji wa watu.

Mwaka 2022 nilifika huko mwenyewe. Nilikuwa nimeiskani ile picha na kuiweka kwenye simu, nia yangu ikiwa kusimama palepale, nipigwe nyingine, kisha nizipange sambamba. Mzee aliyekuwa akitutembeza aliichukua simu, akaisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee, akatabasamu, kisha akanyoosha kidole kuelekea majini. "Kijana wangu, mwalimu alisimama kule."

Kule palikuwa ziwani. Niliona miti iliyokufa ikiwa imesimama ndani ya maji, na mahali fulani mapovu yakipanda. Basi.

Nilirudi Nairobi na kinyongo. Kwa akili ya haraka nilikuwa tayari na mshukiwa: wachimbaji wa mvuke. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mitambo ya stima huua chemchemi. Sisi watu wa programu tunajua hatari ya kumkamata mshukiwa kabla ya kusoma logi, lakini ndivyo nilivyoanza. Tangu hapo nimesoma kila nilipopata nafasi, na historia niliyokutana nayo ni ndefu kuliko nilivyotarajia, kwa hivyo jimiminie chai.

Kwanza tukubaliane kuhusu jina. Chemchemi ya maji moto inayotiririka au kutokota tu haina shida, hilo ndilo jina lake. Ile inayotulia, kisha ikarusha maji juu, ikatulia tena, dunia nzima imeipa jina la chemchemi moja ya Iceland iitwayo Geysir. Mimi nitaandika geiza. Waingereza wenyewe hulitamka karibu sawa na "giza", na siwezi kuandika makala yenye stima ndani yake huku nikirudia giza kila mstari.

Geiza ni adimu. Duniani kote zinakisiwa kuwa elfu moja hivi, na karibu nusu yake ziko mahali pamoja, Yellowstone kule Marekani. Za Bogoria hazishindani na hizo kwa urefu, lakini hakuna mahali Afrika penye geiza nyingi za kweli kuliko pale.

Zinaruka kwa nini? Jibu la kueleweka lilianzia 1846. Mlima Hekla wa Iceland ulikuwa umelipuka mwaka uliotangulia, na mwanakemia Mjerumani aitwaye Robert Bunsen akaenda huko na wenzake kuchunguza. Ndiyo, ni Bunsen yuleyule ambaye jina lake liko kwenye kichomeo cha gesi tulichokuwa tukikichezea maabara kidato cha kwanza. Wakati huo wataalamu waliamini kwamba chini ya geiza kuna pango ambamo mvuke hujikusanya hadi ukasukuma maji nje. Bunsen hakubishana na mtu. Yeye na Mfaransa Descloizeaux walifunga vipimajoto kwenye kamba, wakavishusha ndani ya shimo la Geysir, kina baada ya kina, kati ya mruko mmoja na mwingine. Kazi ya kujitolea mhanga, ukiniuliza.

Walikuta maji ya chini yana joto la zaidi ya nyuzi 120 na bado hayachemki. Sababu ni uzito wa maji yaliyo juu yake. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo unaolingana na ule wa hewa tuliyobeba vichwani pale ufuoni mwa bahari, na mgandamizo ukizidi, maji huhitaji joto zaidi ili yachemke. Anayepika maharagwe kwa presha kuka analijua hili bila kupanda ndege kwenda Iceland. Sasa maji ya katikati ya shimo yanapokaribia kabisa kikomo chake, mapovu ya kutoka chini yakiyainua kidogo tu, yanajikuta mahali penye mgandamizo mdogo. Papo hapo yanageuka mvuke. Mvuke unamwaga maji ya juu, uzito unapungua, yaliyo chini nayo yanachemka kwa mkupuo, na shimo lote linatapika. Likishamaliza linajaa upya na kuanza kuhesabu tena.

Kwa hivyo geiza inataka joto, inataka maji yanayopanda hadi karibu na uso wa ardhi, na inataka bomba la mwamba lisilovuja. Shusha mgandamizo wa maji ya chini, nayo hayafiki juu. Kinachobaki ni shimo linalopumua.

Sasa tumlete mshukiwa. Tarehe 4 Julai 1904, huko Larderello nchini Italia, kabaila aitwaye Piero Ginori Conti aliwasha balbu tano kwa stima iliyotokana na mvuke wa ardhini. Bonde lile liliitwa Bonde la Shetani kwa sababu ya mvuke wake. (Sisi nasi tuna Hell's Gate pale Naivasha. Inaelekea binadamu akiona ardhi inatoa moshi, jambo la kwanza ni kumtaja Ibilisi, la pili ni kuweka mtambo.) Mwaka 1913 Larderello ikapata mtambo wa kibiashara wa kilowati 250. Hata Afrika hatukuchelewa sana: mwaka 1952, Kiabukwa huko Katanga, mtambo mdogo wa kilowati 200 uliendeshwa kwa maji ya chemchemi yenye nyuzi 91 tu, ukafanya kazi kwa miaka michache.

Lakini kesi yenyewe iko New Zealand. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia wahandisi wa jeshi la New Zealand waliokuwa Italia walitumwa kuangalia mtambo wa Larderello. Walipofika mwaka 1944 walikuta umeharibiwa na Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma. Hata hivyo wazo lilifika nyumbani. Nchi yao ilitegemea mabwawa, na miaka ya 1940 mvua ilipokuwa haba stima ilikuwa haba vilevile. Mkenya yeyote anayekumbuka mgao wa stima wa mwaka 2000 ataelewa kwa nini serikali yao iliyatazama maji moto kwa macho mapya.

Walichagua Wairakei. Hapo palikuwa na bonde lililoitwa Geyser Valley, ambalo watalii walikuwa wakilitembelea tangu karne ya 19. Uchimbaji ulianza karibu na 1950, na mnamo Novemba 1958 mtambo ukaanza kutoa stima, wa pili duniani baada ya Larderello na wa kwanza kutumia mchanganyiko wa maji na mvuke badala ya mvuke mkavu. Kwa uhandisi ilikuwa kazi ya kusifiwa, na hata leo Wairakei inatoa stima. Tatizo ni kwamba maji yaliyotoka visimani hayakurudishwa ardhini. Kwa miaka mingi yalimwagwa kwenye mto Waikato. Mgandamizo wa chini ukaporomoka. Geiza za bondeni zikaanza kukawia, kisha kuruka kwa unyonge, kisha kunyamaza moja baada ya nyingine. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 Geyser Valley haikuwa na geiza. Ardhi yenyewe ilizama, na mahali pamoja imeshuka zaidi ya mita 14.

Kwa lugha ya kazi yetu, hizi ni programu mbili zinazosoma na kuandika kwenye kumbukumbu moja, na hakuna aliyeweka kufuli. Anayechota kwa kasi hushinda.

Kabla hujamhukumu mchimbaji peke yake, sikia na hili. Nchi hiyohiyo, mtoni Waikato, palikuwa na Orakei Korako, mojawapo ya maeneo makubwa ya geiza duniani. Januari 1961 walijaza bwawa la Ohakuri kwa ajili ya stima ya maji. Hakuna kisima cha mvuke kilichochimbwa pale. Ziwa lilipanda tu, likafunika takriban geiza 70 na chemchemi za moto 200. Nilipofika mstari huu nilikaa kimya kidogo, maana niliona ile miti iliyokufa.

Kisa cha tatu ndicho kilichonipa moyo. Mji wa Rotorua umejengwa juu ya maji moto. Wenyeji Wamaori wa kijiji cha Whakarewarewa wamepikia na kuogea maji hayo kwa vizazi. Katika karne ya 20 watu wa mjini, nyumba kwa nyumba na hoteli kwa hoteli, walichimba visima vyao vidogo ili kupasha vyumba na mabwawa ya kuogelea. Hakuna aliyekuwa mwizi mkubwa, kila mmoja alichota kidogo. Mwaka 1979 geiza iitwayo Papakura, ambayo haikuwa na tabia ya kupumzika, ilinyamaza. Mwaka 1982 wakaanzisha mpango wa kupima, na takwimu zikaonyesha visima vinahusika. Mwaka 1986 serikali ikaamuru vifungwe visima vyote vilivyo ndani ya kilomita 1.5 kutoka geiza kubwa ya Pohutu. Kulikuwa na kelele, kama unavyoweza kukisia. Mgandamizo ukapanda polepole. Pohutu ikapata nguvu. Na mwaka 2015, baada ya miaka 36, Papakura ikaruka tena.

Miaka 36! Waliofunga visima vyao wakiwa na watoto wadogo waliiona wakiwa na wajukuu.

Turudi nyumbani. Kompyuta ninayoandikia inakula stima ambayo zaidi ya theluthi moja yake, kwa hesabu ya nchi nzima, inatoka ardhini, na sehemu kubwa ni ya Olkaria. Historia ya Olkaria ilianza kwa kushindwa. Kati ya 1956 na 1958 vilichimbwa visima viwili na havikutoa mvuke wa maana, mradi ukawekwa kabatini. Mwaka 1973 uchimbaji ukaanza tena kwa msaada wa Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa. Wa pili ulifuata 1982 na wa tatu 1985, jumla megawati 45. Hifadhi ya Hell's Gate ilitangazwa 1984, yaani mtambo ulitangulia hifadhi, jambo ambalo wengi tunaopanda baiskeli pale tukilalamikia mabomba hatulijui.

Olkaria haikuua geiza, kwa sababu rahisi: haikuwa nazo. Maji yako chini mno, kinachofika juu ni mvuke unaotoka kwenye nyufa. Tena wahandisi wetu wengi walisomea Auckland, ambako chuo cha mvuke kilifunguliwa 1978, na Iceland, ambako mafunzo yalianza 1979. Yaliyotokea Wairakei waliyajua tangu darasani. Maji yaliyotumika hurudishwa ardhini. Hasara ya Olkaria imekuwa ya namna nyingine: mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha Olkaria IV, na malalamiko yao yakafika hadi Benki ya Dunia.

Na Bogoria? Hapo ndipo kesi yangu ilipovunjika. Loburu sikuona mtambo wala bomba. Mradi wa serikali wa mvuke unaobeba jina la Bogoria na Silali ulianza kuchimba mwishoni mwa 2018, na ulianzia Paka, zaidi ya kilomita 60 kaskazini. Lakini maziwa ya Bonde la Ufa yalikuwa yameanza kufura tangu 2010 na 2011: Baringo, Nakuru, Naivasha, na Bogoria pia. Ripoti ya serikali ya 2021 ilitaja mvua na mabadiliko ya tabianchi kuwa sababu kuu. Geiza ya mzee haikunyonywa. Ilizamishwa, kama zile za Orakei Korako, isipokuwa huku hakukuwa na mtu aliyefunga lango la bwawa.

Nilipiga hesabu ya Bunsen. Bogoria iko karibu mita 990 juu ya usawa wa bahari, kwa hivyo maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Weka mita 5 za ziwa juu ya mdomo wa geiza, na kiwango cha kuchemka pale mdomoni kinapanda hadi takriban 109. Ongeza kwamba maji ya ziwa ni baridi na yanaingia shimoni. Haiwezi kuruka, inaweza tu kutoa mapovu. Lakini joto bado liko, maji yapo, na pengine hata bomba ni zima. Ziwa likishuka siku moja, kuna uwezekano mwalimu akarudi kusimama pale na kumwagiwa.

Uwezekano huo ndio unaonitia wasiwasi sasa kuliko ile hasira ya mwanzo. Ramani za mradi zinalihesabu eneo la Bogoria miongoni mwa sehemu zenye mvuke. Mimi si mpinzani wa mvuke, ningekuwa mnafiki. Hofu yangu ni uchimbaji kuja karibu wakati geiza zimefunikwa na hakuna anayeziona. Wairakei watu walishuhudia geiza zikidhoofika. Sisi zikidhoofika chini ya mita kadhaa za maji, ziwa likija kushuka tutakuta mashimo makavu na kila mtu atasema ni ziwa lililofanya.

Kuna watu ambao wangepaswa kuulizwa kwanza. Waendorois waliishi kando ya ziwa hilo, ndipo mahali pao pa ibada na pa kulambisha ng'ombe chumvi, hadi walipoondolewa kuanzia 1973 ili kupisha hifadhi. Mwaka 2003 walipeleka kesi kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na uamuzi wa 2009, uliopitishwa na Umoja wa Afrika Februari 2010, ulisema serikali ilikiuka haki zao, ikiwemo haki ya mali na ya maendeleo. Uamuzi ulitaka warudishiwe ardhi yao. Kutekelezwa kwake kumekwenda kwa mwendo wa intaneti ya simu ya waya, mnaikumbuka? Yule mzee aliyenionyesha majini alitaja geiza tano kwa majina, moja moja, pamoja na iliyokuwa ikiruka kwa muda mrefu na iliyokuwa ikidanganya. Sikuwa na daftari. Mimi, mtu wa data, sikuwa na daftari.

Rotorua waliweza kufunga visima kwa sababu walikuwa na vipimo vya kuweka mezani. Sisi kwa Loburu tuna utafiti wa wanajiolojia, na zaidi ya hapo tuna albamu za shule. Ikiwa wewe au mzazi wako mlipelekwa Bogoria na mwalimu fulani miaka hiyo, mkachemsha mayai na mahindi kwenye maji yale kama kila mtu, itafute picha. Iskani pande zote mbili. Andika mwaka, na mwezi kama unaukumbuka, na milima inayoonekana nyuma, maana kwa milima mtu anaweza kukisia mahali hasa kamera ilipokuwa. Nitumie, nimeanza kuandika kiprogramu kidogo cha kuziweka kwenye ramani.

Jumapili nilimpigia mzee kumuuliza yake ilipigwa mwezi gani. Akasema ilikuwa muhula wa pili, baridi ya Julai, kwa sababu kuna mtoto alikataa kutoka kwenye mvuke hadi basi likapiga honi.